Shikamoo, rede na kidumu cha lita tano: mtoto anavyojifunza kuishi na watu

Saa kumi na moja jioni, kwenye kiwanja ambacho mwenyewe hajakijenga huku Nkuhungu, jijini Dodoma, watoto tisa wanacheza rede. Wawili wamesimama huku na huku na mpira wa soksi iliyoshindiliwa mifuko ya nailoni. Katikati yuko binti wa darasa la tatu, amechuchumalia chupa ya maji, anaijaza mchanga kwa viganja huku akikwepa kila mpira unaokuja. Mpira unapita, kelele zinalipuka.

"Umeguswa, toka!"

"Umegusa sketi, haujanigusa mimi!"

"Sketi si umeivaa wewe?"

Mchezo unasimama. Wanabishana kama dakika nne, na mama anayekaanga vitumbua pembeni hata hageuki. Mwishowe msichana mkubwa kuliko wote, wa miaka kumi na moja hivi, anakata shauri: leo nguo haihesabiwi, lakini haihesabiwi kwa kila mtu, na yule aliyevaa dera la mama yake alifunge kwanza kiunoni. Dera linafungwa, mpira unarushwa. Muda wote huo kuna kadogo ka miaka mitatu kanakatizakatiza uwanjani. Kakifika katikati, mpira unarushwa taratibu. Kakipigwa, hakatoki. Kamo mchezoni ila hakahesabiwi, na hakuna aliyetangaza kanuni hiyo.

Katika dakika hizo nne watoto wale walitafsiri sheria, wakaibadili, wakahakikisha inawabana wote, wakameza hasira na kuendelea kuwa marafiki. Hakuna mzazi aliyewakalisha chini kuwafundisha. Wamejifunzia wapi? Swali hilo lina majibu zaidi ya moja, na nadhani tunakosea tunapolijibu kwa neno moja tu, "malezi", kana kwamba mtoto ni mtungi na mzazi ndiye mfinyanzi pekee.

Tatizo linaanzia kwenye neno "adabu". Tukisema mtoto wa fulani ana adabu, mara nyingi tunamaanisha anawatii wakubwa. Utii una mahali pake. Lakini kuishi na watu kunadai mengi kuliko hayo: kumwamini mwenzako, kujizuia, kusoma kilichomo moyoni mwa mtu bila yeye kukisema, kudai haki yako bila kuvunja urafiki, na kujua lini unyamaze na lini useme. Mambo haya hayafundishwi na mwalimu mmoja. Nyumba ina somo lake, rika lina lake, na utamaduni ndio unaopanga kipi kiitwe kufaulu.

Mikono ya kwanza

Mtoto huanza kumtabasamia mtu, tabasamu la kweli lenye kukutazama machoni, akiwa na wiki sita hadi nane. Akifikisha miezi saba au minane hutokea jambo linalowaudhi ndugu wengi: mjomba anatoka Singida na zawadi, anamnyanyua mtoto, mtoto anaangua kilio na kujinyoosha kwa mama yake. Watu husema amedekezwa, au ana roho mbaya. Ukweli ni kwamba amekua. Ameshazitenga sura alizozizoea na asizozijua, na ameshachagua watu wa kukimbilia akiogopa.

Elimu ya jambo hili ina mzizi hapa hapa Afrika Mashariki, na wazazi wengi hawalijui hilo. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda, akaanza kutembelea familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala na kuwatazama mama na watoto wachanga katika shughuli zao za kila siku. Aliona kwamba mtoto mwenye mtu wa kumtegemea hutambaa mbali zaidi: anakwenda kuchungulia kuku, anageuka kumtazama mama, anaendelea. Mtu yule ni kama kambi anayotokea na kurudia. Kitabu chake kuhusu watoto hao wa Uganda kilitoka mwaka 1967, na pamoja na kazi za Mwingereza John Bowlby ndicho kilichojenga nadharia ya mshikamano wa mtoto na mlezi wake, inayofundishwa leo katika vyuo vingi vya ualimu na ustawi wa jamii.

Aliona pia kwamba wengi wa watoto wale hawakulelewa na mama peke yake. Palikuwa na bibi, dada, shangazi. Hili kwetu si habari. Mtoto wa Mvumi au Bahi ana mama mkubwa na mama mdogo, na majina hayo yanatamka wazi kwamba kazi ya umama imegawanywa. Mtoto mchanga anaweza kushikamana na watu watatu au wanne bila kuchanganyikiwa, mradi watu hao wawepo siku zote na waitikie anapolia. Kinachomuumiza ni mikono inayobadilikabadilika bila taarifa.

Hapo namkumbuka dada wa kazi. Mwanangu alipokuwa na miaka miwili na nusu, dada aliyemlea tangu akiwa na miezi mitano aliondoka kwenda kuolewa kwao Kondoa. Tulimsindikiza stendi alfajiri mtoto akiwa amelala, tukiamini tunamwepusha na kilio. Kwa wiki tatu mtoto akawa akiamka anakwenda hadi mlango wa chumba cha dada, anasimama pale, kisha anarudi. Hakulia. Akaanza upya kukojoa kitandani, na akawa ananishika nguo kila nikivaa viatu. Tukamtafuta malaria. Ilichukua muda kukubali kwamba mtoto yule amefiwa kwa namna yake, na sisi ndio tuliomnyima nafasi ya kuaga. Siku dada alipopiga simu, wakaongea dakika kumi kuhusu kuku na mbuzi, usiku ule alilala vizuri. Ninaandika hivi kwa sababu nyumba nyingi mjini hubadilisha wasichana wa kazi mara tatu kwa mwaka, na mtoto haulizwi.

Nyumbani ndiko pia fimbo iliko. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulikuta karibu robo tatu ya Watanzania, wa kike kwa wa kiume, wamepitia ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wetu tumo katika hesabu hiyo na tunasema, "Mbona nimekuwa mtu?" Ila tazama mtoto anachojifunza anapochapwa kwa kumpiga mdogo wake. Akili yake inashughulika na maumivu yake na kujiuliza ni nani aliyeshtaki. Ya mdogo wake hayamo. Anayeambiwa, "Mwangalie usoni, umemwona alivyo? Sasa utafanyaje?" anaelekezwa kwa yule aliyeumizwa, na huko ndiko huruma inakoanzia.

Kuisoma akili ya mtu mwingine

Mtoto wa miaka miwili na nusu akifundishwa shikamoo huimwagia kila mtu: bibi, kaka yake, mtoto mwenziwe, hata mbuzi. Akifika mitano ameanza kupanga. Bibi ni shikamoo, dada wa jirani ni mambo, mzee wa Kigogo aliyekaa chini ya mbuyu ni "Mbukwa", na wakiwa wengi ni "Mbukwenyi". Tunaona amekariri, kumbe kila salamu ni hesabu nzima: huyu ana umri gani kuliko mimi, ananichukuliaje, atajisikiaje nikikosea. Salamu zetu ni zoezi la kila siku la kuingia kichwani mwa mwingine.

Watafiti hulipima jambo hilo kwa kisa kifupi. Heinz Wimmer na Josef Perner walikiandika mwaka 1983 wakitumia chokoleti. Mimi hukisimulia kwa karanga. Juma ameweka karanga zake ndani ya kikopo, akatoka kucheza. Mama akazihamishia kabatini. Juma akirudi, atazitafuta wapi? Watoto wengi wa miaka mitatu hujibu, "Kabatini," kwa kuwa wao wanajua ziko huko. Kuanzia miaka minne hivi jibu hubadilika: atatafuta kwenye kikopo, maana yeye hajui. Ndipo mtoto anapogundua kuwa mtu anaweza kuamini jambo lisilo kweli. Na ndipo, wazazi mnielewe, uongo wa maana unapoanza. Mtoto wa miaka minne anayekana kula sukari huku ana chembe mdomoni amepiga hatua ya akili, ingawa bado anahitaji kuelekezwa.

Halafu kuna hili. Mwaka 1994 Perner na wenzake walionyesha kwamba watoto wenye ndugu huelekea kulielewa jambo hilo mapema kuliko wasio na ndugu. Miaka miwili baadaye utafiti uliofanywa katika visiwa vya Krete na Cyprus uliongeza kuwa wanaosaidia zaidi ni ndugu wakubwa, pamoja na jamaa watu wazima ambao mtoto hushinda nao. Kuishi katikati ya wanaokuzidi kidogo kunakunoa. Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kirusi aliyefariki mwaka 1934, alishalisema kwa njia yake: mtoto hukua pale anapofanya, akisaidiwa na anayemzidi, lile ambalo peke yake asingeliweza.

Somo la rika

Turudi kwenye rede. Jean Piaget alikaa na watoto wa Uswisi wakicheza gololi, akawauliza maswali kuhusu kanuni, na mwaka 1932 akachapisha aliyoyapata. Wadogo waliamini kanuni zimetoka kwa wakubwa tangu zamani na hazigusiki, ingawa wenyewe walizivunja bila kujijua. Wakikaribia miaka kumi walianza kuelewa kwamba kanuni ni makubaliano, na makubaliano hubadilishwa wote wakiridhia. "Leo nguo haihesabiwi, kwa kila mtu." Alichokisema yule binti wa Nkuhungu ndicho hicho hicho.

Kwa nini mzazi hawezi kulifundisha somo hilo? Kwa sababu mzazi ana nguvu. Baba akisema zamu yako imekwisha, mjadala umekwisha. Mwenzio akisema, lazima akushawishi, na wewe una silaha ileile aliyonayo yeye: unaweza kuondoka na mpira wako. Ila ukiondoka mchezo unakufa na wewe unakosa. Haki inayojifunzwa hapo ni ya watu walio sawa, na hapapatikani pengine pa kujifunzia.

Mwaka huohuo wa 1932 Mmarekani Mildred Parten alieleza ngazi za uchezaji alizoziona kwa watoto wa shule ya awali, wa miaka miwili hadi mitano: kwanza peke yake, kisha bega kwa bega bila kushirikiana, mwisho pamoja kwa lengo moja. Walimu wetu wa awali hufundishwa ngazi hizo, na zina msaada wake. Hofu yangu ni pale tunapozisoma kama ratiba ya dunia nzima. Watoto wale walitengwa na wakubwa zao. Kwenye ua wetu mtoto wa mwaka mmoja na nusu huingia kwenye kombolela akiwa mgongoni kwa dada yake, anajificha naye, anaambiwa "Shh", anajifunza kunyamaza kwa ajili ya kundi kabla hajajua kusema sentensi. Wahadza wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, si mbali sana na hapa kwetu katikati ya nchi, watoto wao hushinda katika makundi ya umri mchanganyiko, wakichuma ubuyu na matunda pori, wadogo wakifuata wakubwa. Mkubwa anajifunza kuhurumia, mdogo anajifunza kuvumilia, na wote wawili hawahitaji mtu mzima wa kuwaamulia kila dakika.

Rika lina ukatili wake pia, nisipake rangi. Mtoto mwenye kigugumizi, mwenye ualbino, au aliyehamia juzi na lafudhi ya Kisukuma anaweza kutaniwa hadi achukie kutoka nje. Mtoto anayerudi ndani kila siku kabla ya wenzake, au anayetumwa yeye tu kuokota mpira, anahitaji mtu mzima amtazame. Kuwaachia watoto mchezo ni kukaa karibu kama yule mama wa vitumbua, macho kwenye karai na sikio uwanjani.

Kidumu na andazi

Sasa utamaduni, sehemu inayotatanisha zaidi. Watu husema utamaduni wetu unafundisha heshima, wa Wazungu uhuru, na kuishia hapo. Ngoja tuangalie jambo moja kwa karibu.

Kuna jaribio la zamani la Marekani, alilolibuni Walter Mischel: mtoto anawekewa kitu kitamu mezani na kuambiwa akisubiri bila kukila ataongezewa cha pili. Watafiti walilipeleka kwa watoto wa miaka minne wa Kijerumani wa mjini na wa Kinso, wakulima wa kaskazini magharibi mwa Kameruni, waliowekewa aina ya andazi la kwao. Wajerumani walioweza kungoja dakika kumi walikuwa chini ya theluthi. Wanso walikuwa karibu asilimia 70. Wajerumani walijizungusha, waliimba, waligeuka wasilione. Wanso walikaa kimya, wengine wakasinzia kitini.

Usiharakishe kushangilia. Mama wa Kijerumani huuliza sana: unataka hiki au kile, unajisikiaje? Mtoto wake anapata mazoezi ya kutambua na kusema matakwa yake. Mama wa Kinso anatarajia mtoto atulize nafsi na kufuata aliyemzidi, na mtoto anakuwa fundi wa hilo. Kila jamii inamnoa mtu inayemhitaji. Ugumu wa mtoto wa Dodoma ya leo ni kwamba anahitajika sehemu mbili kwa siku moja. Asubuhi mwalimu anataka anyooshe mkono, aulize, apinge kwa hoja. Jioni kwa babu akiuliza "kwa nini" mara ya pili anaitwa mjuaji. Watoto wengi hulimudu hilo kama wanavyomudu lugha mbili, Kigogo kwa bibi na Kiswahili mtaani. Wasaidie kwa kulitamka: "Kwa babu tunasikiliza kwanza, halafu ukiwa na swali uliza tukiwa tumekaa." Mtoto anayejua kuna milango miwili haumizwi kichwa sana na tofauti za vyumba.

Utamaduni hauingii kwa mawaidha, huingia kwa kazi. Nenda kijiji chochote cha Chamwino asubuhi uone msafara wa maji. Mama ana ndoo ya lita ishirini kichwani, binti mkubwa dumu la kumi, na nyuma kabisa mtoto wa miaka minne na kidumu cha lita tano chenye maji nusu, kinapigapiga vigimbi vya miguu yake. Maji yale hayatoshi hata kuoshea vyombo. Lakini yakifika nyumbani humiminwa kwenye pipa pamoja na mengine, na usiku anakunywa akijua na yake yamo. Wakati wa uwele kuiva atapelekwa shambani na wakubwa kuamia ndege. Atachunga ndama jirani na boma kabla hajaaminiwa mbuzi. Kwenye ngoma ya muheme msichana husimama nyuma ya mama zake akitikisa mabega, na hakuna anayemfukuza eti hajui.

John na Beatrice Whiting waliongoza utafiti mkubwa katika jamii sita duniani kuanzia miaka ya 1950, mojawapo ikiwa Nyansongo kule Kisii, Kenya, na nyingine mji mdogo wa Marekani. Watoto waliopewa kazi zenye maana kwa familia, hasa kulea wadogo zao, ndio walioonekana kutunza na kusaidia wenzao zaidi. Wale wa Marekani, ambao kazi yao ilikuwa kupanga vitu vyao wenyewe chumbani, walitafuta zaidi kutazamwa na kusaidiwa. Mwaka 1973 Carol Ember akaongeza lake kutoka kwa Wajaluo wa Kenya: wavulana waliofanyishwa kazi za ndani kwa kukosa dada wa umri unaofaa, kulea na kuchota maji, walikuwa na ugomvi mdogo kuliko wenzao, hata wasipokuwa kazini. Baba anayesema mwanaume hafungi mbeleko ya mtoto mgongoni alitafakari hilo.

Bila shaka kazi ina mpaka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi. Kazi ninayoisema ni ile inayomweka mtoto ndani ya familia. Inayomtoa darasani siyo hiyo.

Ukuta

Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu wapatao milioni 2.08 katika sensa ya 2012. Ile ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 3.08. Serikali imehamia, viwanja vimepimwa, na kila aliyepata kiwanja huanza na ukuta. Naelewa, nami nimejenga wangu. Lakini hesabu siku ya mtoto wa darasa la pili wa nyumba hizo: basi la shule saa kumi na moja na nusu alfajiri, anarudi saa kumi na moja jioni amechoka, homuweki, katuni, kulala. Shuleni yuko na wa umri wake tu, chini ya mwalimu. Nyumbani ni dada wa kazi na geti. Mkubwa wa kumfuata hana, mdogo wa kumhurumia hana, na kila ugomvi wake huamuliwa na mtu mzima. Mwaka 2023 wizara ya elimu ilizuia bweni kwa watoto wa chini ya darasa la tano, na nilifurahi. Ila mtoto anaweza kukosa watu hata akilala kwao kila usiku.

Mtaani kwetu majirani wawili walibomoa tofali za ukuta wanaochangia wakaweka kigeti cha bati, kifupi kiasi kwamba mtu mzima huinama. Kilianza kwa ajili ya mtoto mmoja na wawili wa upande wa pili. Sasa hivi Jumamosi wanapita saba, mkubwa yuko darasa la sita, mdogo bado anabebwa. Chupa ya rede inakaa pale pale chini ya kigeti, na wiki iliyopita niliwasikia wakibishana kama mpira ukimgonga mtoto aliyebebwa, anayetoka ni yeye au aliyembeba.